Andikeni Jina la Abednego

Same Mjini,
8 Februari 1987

Dada Dorkas,

Shikamoo. Najua umeifungua barua hii ukiwa na chaki mkononi na watoto wa darasa la tano wanapiga kelele. Waambie wanyamaze, anaongea mtu mkubwa.

Afya yangu usiiulize, nimenona mpaka kola inanibana. Dada, nimeula! Nimepata kazi kwa meneja mmoja mgeni, mzungu mrefu kama mkaratusi, Kiswahili anajua neno moja tu, "haraka". Alitupanga vijana kumi na mbili mstari mmoja akasema "Good morning." Wenzangu wote wakatoka jasho. Mimi nikamjibu bila hata kumeza mate. Sasa nakaa kwenye kiti kinachozunguka. Nikichoka kutazama milima ya kwetu nageuka natazama upande wa Umasaini.

Nimepanga chumba chenye sakafu ya saruji, karibu na benki. Nimenunua na redio. Taarifa ya habari hainipiti, hata matangazo ya vifo nayasikiliza yote mpaka mwisho. Watu wa Mbeya wanafiwa, mimi huku nawapa pole.

Unakumbuka ulivyonichapa rula kwa Kiingereza? Ukaniambia nitaishia kuchunga mbuzi? Basi mbuzi wanakusalimia. Ila kuna maneno mawili yananisumbua, dada, nayauliza kwako tu kwa sababu hapa wote wananijua mimi ndiye mjuzi. Kuna "wait" na kuna "expect". Meneja anayatumia yote mawili, mimi naitikia "yes sir" kwa yote. Si yote ni kungoja tu? Nieleze taratibu, kama ninavyowaeleza wajinga wa huku.

Mama hajambo? Mwambie mwanawe sasa ni mtu.

Jibu upitishie S.L.P. ya Sefu, yule muuza mitumba. Usimtume mtu chumbani kwangu, kazi ni nyingi, hanikuti.

Mdogo wako mwenye kiti,
Abednego Hezroni


Mhezi,
22 Februari 1987

Abednego,

Marahaba. Mama kanisomesha barua yako mara tatu. Pale kwenye kiti kinachozunguka alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Atazunguka aanguke huyo." Halafu akataka nisome tena.

Sasa swali lako. Nafurahi umeuliza, rula ilifanya kazi.

Kufanana yanafanana, lakini si kitu kimoja. Ukisimama barabarani kungoja lori la Chome, hiyo ni "wait". Inafanywa na miguu na makalio. Muda unapita, wewe upo pale pale, na lori laweza lisije. "Expect" inafanywa na kichwa. Unajua moyoni kwamba jambo litakuja, nawe unaendelea na shughuli zako. Masika tunai-expect, lakini hakuna mtu Mhezi anayekaa kizingitini akiingoja mvua. Watu wako shambani wanalima.

Tena mtu anaweza ku-wait kitu asichoki-expect. Nenda zahanati yetu siku yoyote utawaona, foleni mpaka nje, na kila mmoja ameshaambiwa dawa hakuna.

"Wait" hutaka "for" kabla ya mtu: "I wait for Abednego." "Expect" haitaki: "I expect Abednego." Andika hivyo ukutani kwako, karibu na redio.

Mama aliponisikia naandika jina lako akauliza ninasema nini. Nikamweleza yote. Akafikiri, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi kwa Abednego nafanya lipi?" Nikamwambia, mama, wewe unayafanya yote mawili. Kila Jumamosi akipakua makande anakutengea bakuli lako la bluu, Jumapili asubuhi analila yeye.

Jambo lenyewe kubwa ni hili. Msaragambo wa kijiji kizima kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ni Jumamosi tarehe 14 Machi, kabla mvua hazijashika. Unaijua sheria ya ndiva yetu, nyumba isiyotoa mtu inakosa zamu ya maji msimu mzima. Siku hiyo nimeitwa Chome kwenye mkutano wa walimu. Mama hajambo, ni kifua kidogo tu, lakini tope si kazi yake tena. Mzee Nathanaeli, mlinzi wa ndiva, anaandika majina sasa. Kama huji niambie mapema nimtafute kijana wa kutusimamia. Nisipopata mtu nitauacha mkutano.

Dorkas


Same Mjini,
1 Machi 1987

Mwalimu wangu mpendwa, mwenye rula,

Shikamoo. Kumtafuta kijana? Kijana gani? Hezroni aliacha mtoto wa kiume mmoja, akahakikisha ni mzuri. Andikeni jina la Abednego! Tena mwambie Mzee Nathanaeli aliandike juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nakuja na viatu vya mpira kutoka ng'ambo, siku hizi ni ruksa, maduka ya Same yamejaa vitu tulivyovisahau. Nitazoa tope la watu watatu, nikimaliza nitawapigia redio pale pale ukingoni mwa ndiva, Mhezi nzima icheze.

Maneno yako nimeyashika. Leo nimemwambia meneja "I am expecting rain, sir." Akanitazama nusu saa. Akasema sijapata kuona mtu kama wewe.

Mwambie mama a-expect, asi-wait, miguu itamuuma. Na hilo bakuli la bluu Jumamosi hiyo lijae mpaka juu, nitalila mwenyewe mbele yake, asubiri kuona.

Nenda mkutanoni Chome bila wasiwasi. Hapa pana mwanamume.

Abednego, mtu wa "expect"


Mhezi,
16 Machi 1987

Abednego,

Nimekaa siku mbili kabla ya kuandika ili nisikutukane.

Nilikwenda Chome. Nilikwenda kwa sababu ulisema niende. Nimerudi saa nane mchana nimelowa, mvua ilianza mapema. Nikamkuta mama amekaa jikoni na gauni la tope mpaka kifuani, hajavua, anatetemeka, ananiambia "Tumemaliza."

Mzee Nathanaeli ndiye aliyenisimulia. Saa moja asubuhi aliyasoma majina. Alianza na lako, maana uliomba liwe juu. Hakuna aliyeitikia. Akaliita mara ya pili. Wakacheka wachache, mmoja akasema labda kiti bado kinazunguka. Mama akasogea mbele na jembe lake. Akasema, "Jina la mwanangu limeandikwa, lina mtu." Wanaume walimwambia akae, angejazia mwingine kesho. Alikataa. Aliingia kwenye tope.

Unaona, hakungoja. Ulimwambia a-expect, basi alifanya hivyo hivyo. Alifanya kazi. Mzee anasema kila kitu kilicholia barabarani kule juu, hata ng'ombe, aliinua kichwa kutazama, kisha akaendelea.

Ungeandika mstari mmoja tu, "Sitakuja." Stempu hiyo ungekosa?

Mama anasema nisikukaripie. Anasema kazi za watu wakubwa zina dharura. Maneno yake mwenyewe haya hapa, kaniambia niyaandike kama alivyoyasema: "Baba, zamu yetu ya maji ipo. Ni Alhamisi. Usihangaike. Viatu vya mpira usije navyo huku, vitaharibika."

Dorkas


Same Mjini,
29 Machi 1987

Dada,

Shikamoo. Pole na hasira. Ukikasirika unaandika vizuri kuliko ukicheka, nimeona hata herufi zimenyooka.

Ilikuwa hivi. Ijumaa jioni nimeshafunga mzigo, viatu, redio, kila kitu, meneja akaja mwenyewe mlangoni. Wageni kutoka Dar, hakuna wa kuwatafsiria ila mimi. Ningefanyaje? Nilizungumza Kiingereza toka asubuhi mpaka taya zikauma. Nilikuwa nawafikiria nyinyi kila dakika.

Mama naye! Nani alimtuma? Mwambie mimi na yeye tutagombana. Halafu mwambie nimecheka sana kwa ile ya viatu. Halafu, Dorkas, usimwambie hili, nimeisoma sehemu ile ya ng'ombe barabarani nikashindwa kuendelea mpaka kesho yake.

Nakuja Pasaka. Nataka nije na sabuni za kunukia na khanga, siyo mikono mitupu kama watu wengine.

Kifua chake kimepona?

Abednego


Mhezi,
6 Aprili 1987

Abednego,

Njoo.

Usingoje Pasaka. Usingoje khanga. Mama halali tena chali, anakaa ameegemea ukuta. Daktari amesema kifua kimejaa, ametupa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni kidogo.

Anakuuliza. Njoo na nguo uliyovaa.

Dorkas


Same Mjini,
12 Aprili 1987

Dada Dorkas,

Shikamoo, na heri ya Jumapili ya Matawi. Sefu amekwenda Moshi kuchukua mitumba, duka limefungwa wiki nzima, kwa hiyo kama kuna barua yako bado imelala humo sandukuni. Naandika hivyo hivyo, midomo inaniwasha.

Nimempatia mama khanga! Nyekundu, ina maua kama ya kahawa. Na sabuni mbili, ukizinusa utafikiri upo harusini. Mwambie asizifiche kabatini mpaka panya wazitumie, namjua. Aoge nazo. Akienda kanisani wale mama wa kwaya wageuke wote.

Kuhusu Pasaka, dada, inaonekana itanipita kidogo. Meneja anasafiri, funguo zote ananiachia mimi. Lakini baada ya hapo, wiki moja tu. Mwambie mama bakuli la bluu alivumilie mara moja tena. Muulize na lile swali: sasa hivi ana-wait au ana-expect? Nataka jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, uyaandike kama alivyoyasema.

Mwanawe mtukutu,
Abednego


Mhezi,
20 Aprili 1987

Abednego,

Barua yako ya tarehe 12 imefika na kifurushi. Tarehe 12 mama alikuwa na siku moja kaburini.

Alifariki Alhamisi tarehe 9, asubuhi, siku ya zamu yetu ya maji. Nilikuwa nimetoka kufungulia mfereji.

Nieleze nielewe, maana mimi nimeshindwa. Siku ile ile Tumainieli, jirani yetu, alishuka mpaka Same kukutafuta. Mvua imekata barabara, alitembea. Kwa Sefu pamefungwa. Alikwenda karibu na benki, akagonga kila nyumba yenye sakafu ya saruji. Akauliza ofisi ya meneja mzungu mrefu. Watu walimwuliza kama anaumwa. Hakuna anayemjua meneja huyo, wala wewe.

Akakata shauri aende posta kupeleka tangazo redioni. Sisi huku tulisema, "Hilo halitamkosa Abednego, yeye mwenyewe katuambia hayampiti." Ijumaa jioni tulikaa nyumba nzima kuizunguka redio ya mchungaji. Lilisomwa la nne. "Mwalimu Dorkas Hezroni wa Mhezi, Same, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi. Habari zimfikie Abednego Hezroni popote alipo." Jina lako lilitamkwa vizuri sana. Mzee Nathanaeli akasema, "Basi, mtoto kashasikia, yuko njiani."

Jumamosi tulikungoja. Mazishi yalikuwa saa saba, mchungaji akayasogeza mpaka saa tisa. Watu walisimama kwenye matope, wakitazama barabarani. Hapo tulikungoja kwa sababu tulijua unakuja. Saa tisa ilipopita, tukakungoja robo saa nyingine kwa heshima tu. Ile robo saa, Abednego, ndiyo tofauti uliyoniuliza. Sikuweza kukueleza vizuri mwezi wa pili kwa sababu nilikuwa sijaifanya mwenyewe.

Swali lako sikupata wa kumwuliza. Khanga nimeifungua nikaikunja tena. Jumamosi hii nilipika makande, mkono ukaenda wenyewe kabatini kuchukua bakuli la bluu.

Mzee Nathanaeli amefuta jina la mama kwenye daftari la ndiva. Anataka kujua la kwako aliache au alifute. Nimemwambia sijui. Sijui hata ninaandikia nani.

Dorkas


Kambi ya Tatu, shamba la mkonge,
26 Aprili 1987

Dada,

Shikamoo.

Anwani hiyo hapo juu ndiyo ya kweli. Hakuna meneja. Hakuna kiti. Redio sijawahi kuwa nayo. Nakata mkonge, nafunga matita, nalala chumba kimoja na watu sita kutoka Kigoma na Njombe. Yale maneno mawili ya Kiingereza sikuyasikia kwa mtu. Ikupa, mama anayetuuzia karanga, alinifungia kwenye karatasi ya kitabu cha shule, nikayaona yamepangwa pamoja, nusu ya maelezo imechanika. Nikasema nitamwuliza Dorkas, atafurahi, ataniandikia kurasa mbili. Ndivyo ilivyokuwa tu. Nilitaka kurasa mbili.

Redio kambini ipo moja, ya nyapara. Ijumaa ile jioni nilipita mlangoni kwake na ndoo. Redio ilikuwa kimya, betri zake alikuwa amezianika juu ya bati toka asubuhi zipate nguvu. Nilimtania, nikamwambia bosi, betri zako zimeiva, zipakue tule. Tukacheka. Huenda ndiyo saa ile ile walikuwa wananitaja.

Sefu alikuja jana. Barua zako mbili alizileta pamoja. Nilifungua ya "Njoo" kwanza. Nikavaa shati, nikachukua kofia, nimeshafika nje. Nikasema ngoja niisome na hii nyingine njiani.

Kuna jambo hulijui, na hili ndilo ninaloandikia.

Tarehe 14 Machi nilikuja.

Niliondoka huku Ijumaa mchana, nikalala chini ya mlima, alfajiri nikapanda. Nimefika kwenye kona ile ya barabara juu ya ndiva, penye migomba ya kina Tumainieli, saa moja hivi. Nikawaona wote. Nilikuwa na suruali iliyochanwa na miiba ya mkonge goti mpaka paja, na kandambili moja ya rangi hii na nyingine ya rangi ile. Sina redio, sina viatu vya mpira. Nilisikia mtu anasema habari ya kiti, na watu wakacheka, sauti inapanda vizuri pale. Nikajiambia ngoja kidogo, wakiinama wote nitashuka.

Halafu nikamwona mama yuko ndani ya tope.

Dorkas, nilimwona. Kila akiinua kichwa kutazama barabarani alikuwa ananitazama mimi, ila nilikuwa nyuma ya mgomba. Mlisema ng'ombe. Ng'ombe alipita, kweli. Lakini mara moja alinyanyua kichwa na hakuna kilichopita, ni mimi nilikanyaga jani kavu. Alitazama pale pale nilipo, muda mrefu. Sijui kama aliniona. Usiku na mchana najiuliza, kama aliniona akaamua kuninyamazia. Ile ya "viatu vya mpira usije navyo", niliicheka kwa karatasi tu. Nilikuwa naogopa alikuwa ananiambia kwamba ameniona sina.

Mvua ilipoanza nikashuka mlima kurudi huku.

Khanga na sabuni nilizipata kwa kibarua cha Jumapili tatu. Hizo si uongo.

Barua hii siitii posta. Barua zangu zote zimetangulia kufika huko zikasema mambo yasiyokuwepo, nami nyuma sikuja. Hii nitaibeba mwenyewe. Naondoka kesho kwa miguu, na suruali ni ile ile. Nitakupa mlangoni, maana nikifungua mdomo nitaanza kukutania, nakijua kinywa changu. Isome nikiwa nimesimama pale pale nje. Kina Tumainieli wakitaka kunitazama na watazame.

Ukimaliza, ukisema nirudi nitarudi, sitakuuliza sababu. Ukisema niingie, usinipakulie kitu. Nitolee kwanza jembe la mama. Alhamisi ni zamu yetu.

Abednego